Shoka la Mama Mwai

Kwa miaka mingi, katika vijiji vile vya juu ya kituo cha Skuta, nje kidogo ya Nyeri, hakuna aliyeoza binti wala kuzika mzazi bila kumtafuta Wamae. Usidhani alikuwa mchungaji au mzee wa ukoo. Alikuwa mpasuaji kuni. Siku moja kabla ya shughuli wanaume hukusanyika kwa wenye shughuli, wengine wachinje mbuzi, wengine wasimamishe hema, na wale wasio na kazi wasimame karibu na moto wakitoa maoni. Wamae aliingia langoni na shoka begani, akavua koti, akalizunguka gogo polepole kama mtu anayetaka kununua ng'ombe, kisha akapiga. Gogo la mkaratusi lililowatoa vijana jasho tangu asubuhi lilifunguka kwa pigo la pili, na watoa maoni wakanyamaza.

Hujafa hujaumbika. Mvua za Machi zilipoanza aliamka asubuhi moja akakuta upande wake wote wa kulia haumsikii. Hospitalini wakasema ni kiharusi. Watu wa kanisa wakaja kumwona, wakaimba, wakaomba, wakanywa chai, na mmoja wao akamwambia kwa sauti ya kufariji kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wamae hakujibu, maana mdomo ulikuwa bado umevutwa upande, lakini moyoni alichemka. Koleo likivunjika mtu hununua jingine. Yeye angeununua mkono wapi?

Basi kazi za nyumba hiyo zikamwangukia Wakiuru, mkewe, mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na kicheko cha karibu. Ng'ombe alikuwa wake tangu zamani, shamba lilikuwa lake tangu zamani, na tukisema kweli hata mume alikuwa wake tangu zamani. Kitu kimoja tu hakijawahi kuwa chake, nacho ni shoka. Upande ule kuni ni za mwanamke kuzitafuta na kuzibeba mgongoni, lakini gogo ni la mwanamume kulipasua, na shoka hulala upande wake wa nyumba. Wakiuru akitaka kufagia kona ile alikuwa akimwita Wamae aje alisogeze.

Mwai, mtoto wao wa kwanza, anayefanya biashara ya mchele na nyanya huko Kagio, aliposikia habari alileta mtungi wa gesi. "Mama, achana na huu moshi," alisema. Wakiuru akashukuru, akaanza kuchemshia chai. Lakini mahindi makavu na maharagwe hayaivi kwa utani, na kuchemsha githeri kwa gesi, alisema, ni kumwita Mwai kila wiki alete mtungi mwingine. Moto wa kuni ukaendelea kuwaka jikoni, na kuni za kuuwasha zilikuwa nje, magogo ya miti ya mithanduku yaliyokatwa kabla Wamae hajaugua, yakingoja mtu wa kuyapasua.

Alasiri moja Wakiuru aliinua lile shoka la mumewe. Wamae alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ukutani, mahali alipowekwa baada ya chakula. Shoka lile lilitengenezwa kwa chuma cha springi ya lori, kwa kipimo cha mtu mwenye mabega ya Wamae wa zamani. Wakiuru alilipandisha kwa shida, likafika juu, likayumba, likashuka litakavyo lenyewe. Likapiga fundo la gogo, likateleza, likaja mguuni kwake.

Wamae aliliona likija. Akataka kuruka, mguu ukakataa. Akataka kupiga kelele, yakatoka mavumbi ya maneno. Alichoweza kufanya ni kuangusha kikombe.

Gambuti alilovaa lilikuwa limepasuka kuanzia chini ya goti. Wakiuru aliingiza kidole kwenye ule mpasuko, akakitoa, akakitazama. Hakikuwa na damu. Ndipo akacheka.

"Hii shoka itaniua, Baba Mwai," akasema. "Jumamosi nitaenda soko ninunue kengine kadogo."

"Wewe?" Wamae akauliza. Maneno yalikuwa yameanza kurudi, moja moja.

"Sasa ni nani?"

"Shoka... nachagua mimi."

Usimcheke. Kupasua hakuweza, kubeba hakuweza, hata vifungo vya shati alifungwa kama mtoto wa nasari. Lakini kuchagua shoka ni kazi ya sikio na jicho, na hivyo alikuwa navyo. Tena alimjua Wakiuru. Wakiuru angeenda sokoni angenunua yale mashoka mekundu yanayong'aa, ambayo kichwa huchomoka kwenye mpini kabla rangi haijachubuka. Alikuwa ameliona shoka likiufuata mguu wa mkewe naye amekaa kitini, na hakutaka kuliona tena maishani mwake. Hicho ndicho alichokitaka, basi: shoka ambalo lingemtii Wakiuru.

Jumamosi Griffins, jirani mwenye pikipiki, alikuja kuwachukua. Wamae akapandishwa katikati, Griffins mbele, Wakiuru nyuma akimshikilia kiunoni, wakashuka hadi Nyeri wamebanana hivyo. Njiani watu waliwapungia. Wamae aliomba wateremshwe upande wa nyuma wa soko, ati kuna kivuli. Ukweli ni kwamba upande wa mbele anajulikana na kila mtu, na hakutaka kuonekana akiburuta mguu.

Muuzaji aliitwa Ben, kijana mwenye aproni ya ngozi na ulimi mwepesi. Mbele yake alikuwa ametandaza vichwa vya mashoka juu ya gunia, mapanga, majembe, na pembeni rundo la fito ngumu za mutamaiyu za kukatia mipini. Kama kawaida, yale mekundu aliyapanga mbele kabisa.

"Karibu guka, karibu cucu. Hii hapa ni ya kisasa," akasema, akiwaamkia kama babu na bibi yake. "Iko na mpini tayari. Light kabisa."

Wakiuru akalinyanyua, akatabasamu. "Ni kepesi, Baba Mwai."

"Hiyo ni rangi," Wamae akasema. "Rudisha."

Ben akacheka, maana muuzaji mzuri humjua mnunuzi mgumu kwa neno la kwanza. Akasogeza vile vichwa vidogo vya springi, vyeusi, visivyo na urembo wowote. Wamae akaona vitatu vinavyofaa. Sasa vilitakiwa kujaribiwa. Kichwa cha shoka hufungwa kamba, kikaninginizwa, kikagongwa kwa msumari. Kikilia wazi ni kizima, kikilia kama sufuria iliyopasuka kina ufa ndani. Wamae alikuwa amefanya hivyo tangu ujana. Akachukua kamba kwa mkono wa kushoto, akakininginiza cha kwanza, akabaki amekishika hivyo. Mkono wa kugongea ulikuwa pale pale, umelala pajani kama wa mtu mwingine.

Wakiuru hakuulizwa. Akauchukua msumari, akagonga.

"Si hapo. Chini kidogo," Wamae akasema.

Akagonga chini kidogo. Wamae akafumba macho. Cha kwanza akakikataa, cha pili akakikataa, Ben akaapa kwa jina la mamake kwamba vyote vimetoka kwa lori moja. Cha tatu kililia vizuri, kikaendelea kulia hata baada ya msumari kuondoka. Wamae akamwambia Wakiuru akiinue kwenye mwanga ili atazame tundu la mpini limenyooka. Lilikuwa limenyooka. Akamwambia akipime uzito.

"Ni sawa," Wakiuru akasema.

"Sawa ya ukweli, ama ya kuninyamazisha?"

Wakiuru akashangaa. Katika ndoa yao yote hakumbuki kuulizwa kitu chochote namna hiyo. Akakipima tena, safari hii kwa makini, akikipandisha na kukishusha. "Hii naiweza," akasema. "Ya ukweli."

Wamae alifurahi. Naandika hivyo hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: kwa mara ya kwanza tangu Machi alifurahi kabisa, hata akasahau mguu. Alikuwa amechagua kitu, na alikuwa amechagua sawasawa.

"Shoka lisilo mpini halichanji kuni," Ben akasema, huku akichomoa ufito kwenye rundo. "Ni ya nani, guka, ndio nipime?"

Kila fundi wa Nyeri anajua kwamba mpini wa shoka dogo hupimwa kwenye mkono wa mwenye kulitumia, kutoka kwapani hadi ncha za vidole. Ukizidi, shoka hulenga mbali, mpini unapiga gogo badala ya chuma, na mikono inakufa ganzi. Wakiuru alikuwa ameshaanza kuinua mkono wake.

Saa hiyo hiyo sauti ikaja kutoka nyuma. "Si huyu ni Wamae! Wamae mwenyewe!"

Alikuwa Kingori, mtu wa kijiji cha jirani, pamoja na wanaume wengine wawili, wametoka kuuza ndama na mifuko imejaa. Kingori ni mtu mwema lakini hajui kusema polepole. "Ati watu wanasema umekwisha! Na uko hapa unanunua shoka! Wanaume, mwaona? Huyu amerudi kazini! Sasa sikia, December tunaoza msichana wangu. Ni wewe nitatafuta, si mwingine. Hawa vijana wanapasua kuni na mdomo."

Wanaume wakacheka, wakamtazama Wamae kwa furaha ya kweli. Ben naye alikuwa amesimama na ufito mkononi. "Basi nipime nani, guka?"

Palikuwa na jibu moja tu, fupi, na kila mtu pale angelisikia. Wamae akafungua mdomo. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe, ule wa kushoto.

Wakiuru akaushusha wake. Kwa kuwa ulikuwa tayari hewani, akaupeleka kichwani akafunga kitambaa upya, ingawa kitambaa hakikuwa kimelegea. Ben akapima kutoka kwapani hadi vidoleni, na Wamae ni mtu mrefu. Akakata, akachonga, akaingiza mpini tunduni na kupigilia kabari. Kingori akalijaribu hewani, akasema hilo ni shoka la mwanamume.

Njia yote ya kurudi Wamae alilihisi likiwa limelala mapajani kwake ndani ya gunia. Angeweza kumwambia Griffins ageuze. Soko lilikuwa bado halijafungwa. Skuta ikapita, lami ikaisha, naye hajasema, na kadiri walivyopanda ndivyo neno lilivyozidi kuwa zito. Aliona aibu, na alimwogopa mtu aliyekaa nyuma yake amemshika kiuno.

Jumapili ni siku ya kanisa. Jumatatu, ng'ombe alipokwisha kukamuliwa, Wakiuru alilitoa shoka kwenye gunia. Wamae alikuwa ameomba kiti chake kisogezwe karibu na magogo, atazame.

Pigo la kwanza lilivuka gogo. Chuma kikapita ng'ambo, mpini ukagonga ukingo wa mti kwa kishindo, na Wakiuru akaliachia, akatikisa viganja kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akaliokota. Akarudi nyuma hatua kidogo, akapiga tena, likaingia upande upande likakwama. Akalichomoa.

"Inapasua," akasema. "Ni nzuri."

Wamae alikuwa akiutazama mpini.

Akajaribu kushika mpini katikati, kama anavyoshikwa kuku shingoni. Sasa chuma kilienda kilikotumwa, lakini ile ncha ndefu iliyobaki nyuma ilirudi ikamchoma chini ya mbavu. Wakiuru akainama. Hakulia, hakulalamika, alisimama tu ameinama akivuta pumzi kupitia meno, na mgongo wake umeelekezwa kwa mumewe ili asimwone uso. Halafu akajiinua, akalishika tena vile vile katikati.

"Wacha," Wamae akasema.

"Nitazoea."

"Wacha, Mama Mwai. Mpini ni mrefu. Nilipimisha mkono yangu."

"Najua. Si nilikuwa hapo."

"Na haukusema?"

Wakiuru akageuka. "Niseme mbele ya Kingori?" akauliza, bila hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa afadhali.

Wamae alitamani kuomba msamaha, na neno lenyewe ni refu kwa mdomo mgonjwa, likamshinda mwanzoni, akaliacha. Akasema alichoweza. "Leta msumeno. Na kipande cha kaa. Nikupime."

Pale nyumbani kwao hakuna ua wa maana, na njia ya kwenda kwenye mashamba ya chai hupita juu yao kidogo. Wakiuru akasimama mbele ya kiti, akanyoosha mkono. Wamae akauweka mpini kwapani mwa mkewe kwa mkono wake mzima, akaufuata mkono wa Wakiuru polepole hadi vidole vilipoishia. Wanawake waliobeba vikapu wakapita njiani, wakasimama wakatazama. Kagure wa kule chini akauliza kwa sauti, "Mnapima nini, nguo?"

"Shoka," Wakiuru akajibu, mkono ukiwa bado hewani.

"Ya nani?"

Safari hii Wakiuru alingoja. Wamae alikuwa na kipande cha kaa mkononi cha kutilia alama. Masikio yakamwaka moto.

"Yake," akasema, na lilitoka vibaya, nusu neno, ikabidi alirudie kwa nguvu zaidi. "Ni yake!"

Kagure akasema haya, Mungu awasaidie, wakaenda zao. Wamae akatia alama ya kaa. Kutoka pale hadi mwisho wa mpini palibaki zaidi ya shubiri nzima. Hakuwa amejua kwamba mkono wa Wakiuru ni mfupi hivyo. Ule mkono ulimpikia, ulimfulia, tangu Machi ulimwogesha, naye hakuwa amejua urefu wake.

Wakiuru akauweka mpini juu ya gogo aukate. Ukabingirika. Wamae akaushika kwa kushoto, msumeno ukauma, mpini ukageuka mkononi mwake, ukamponyoka. Wakajaribu tena, ukaponyoka tena. Mkono mmoja hauwezi kushindana na msumeno. Wakiuru akatazama huku na huku, akafikiri kidogo.

"Kalia," akasema.

"Nini?"

"Kalia mpini. Uko na uzito."

Akamtoa kitini, akamshusha juu ya gogo, akamkalisha kwenye mpini, akausukuma msumeno kando ya paja lake. Mutamaiyu ni mti mgumu, ilichukua muda. Wamae alihisi kila mvuto wa meno ukipita mifupani mwake, akatulia kabisa, akakaza macho mbele, akijitahidi kuwa mzito. Kile kipande kikaanguka. Wakiuru akasugua ncha kwa jiwe isimchubue.

"Haya, inuka nijaribu," akasema.

Gogo lilikuwa chini kuliko kiti. Wamae akaukaza mguu wa kushoto, akapanda kidogo, akarudi. Akatafuta kwa mkono mahali pa kujishikilia, hapakuwa na chochote ila shoka lenyewe, nalo alikuwa amelikalia. Akajaribu tena. Jasho likamtoka. Wakiuru alikuwa amegeuza uso upande wa ng'ombe, anangoja, akijifanya haoni, na ng'ombe hakuwa na jambo lolote la kutazamwa.

"Mama Mwai," Wamae akaita.

Wakiuru akaja. Akaingiza ule mkono mfupi kwapani mwake, akamwinua, akageuka naye kidogo kidogo hadi kitini. Alipokwisha kumkalisha alisimama kidogo akipumua, kisha akaenda akalichukua shoka lake. Akaliinua mara moja kulipima. Likakaa vizuri mkononi, mtu yeyote angeliona hilo, na Wamae aliliona kabla ya mtu yeyote.

Wakiuru akasimamisha gogo, akapanua miguu, akalenga. Halafu akasita, akamtazama mumewe.

"Vuta miguu, Baba Mwai," akasema. "Nisikukate."

Wamae akaurudisha wa kushoto. Kisha akainama, akashika suruali yake gotini kwa ule mkono mmoja, akauburuta mguu wa kulia hadi chini ya kiti, na Wakiuru alipoona umefika, akapiga.